Shajara ya mradi: majani ya parachichi na viwele vya mbuzi wetu

9 Agosti

Daftari hili lilikuwa la maziwa. Ukurasa wa kushoto asubuhi, wa kulia jioni, jina la mbuzi juu, basi. Leo nimeligeuza naanzia nyuma, kwa sababu safu ya Mwali imeporomoka: juzi lita moja na nusu, jana nusu lita, leo asubuhi kikombe kimoja cha majimaji yenye mabonge, kama mtindi uliokatika. Kisura naye hivyo hivyo, ila yeye amebaki na kidogo. Viwele vyao vimejaa na vimekuwa vigumu kama mpira uliotoka kutiwa upepo. Mwali akiguswa anarusha teke, na huyu ni mbuzi ambaye hajawahi kunirushia teke tangu nimnunue.

Kwa atakayesoma kurasa hizi baadaye, maana naziandika kwa ajili ya kikundi chetu cha wafuga mbuzi na klabu ya sayansi ya shuleni: tupo upande wa juu wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mwavuli hauwekwi kabatini. Nina miparachichi 46, karibu yote ya aina ya Hass, mbuzi majike watatu na beberu mmoja. Asubuhi nafundisha kemia, jioni ni mama wa mbuzi.

Mavuno yalikwisha, kwa hiyo tarehe 6 na 7 tulipogoa. Matawi yalilundikwa kando ya banda. Nimemuuliza kijana anayenisaidia kama mbuzi waliyagusa.

"Niliwapa, Mwalimu. Nyasi za gwatemala zilikuwa zimeisha, wanalia, na majani mabichi mazuri yale yanakauka bure."

Sikuwa na neno la kumjibu. Huku kwetu jani bichi halitupwi. Migomba inakatwa inaliwa na mifugo, mabua yanaliwa, maganda ya ndizi yanagombaniwa. Nani angemwambia kwamba parachichi ni kesi nyingine?

10 Agosti

Duka la kwanza nililokwenda waliniuzia tyubu za dawa ya kutia kwenye kiwele kabla sijamaliza sentensi. Nimezitia jana jioni na leo asubuhi, mabadiliko hakuna.

Mchana alikuja afisa mifugo. Alibonyeza viwele, akasikiliza mioyo, akaangalia mabonge kwenye kiganja changu. Kisha akauliza swali ambalo duka halikuuliza: wamekula nini? Hoja yake ilikuwa nyepesi. Ugonjwa wa kiwele unaoletwa na vijidudu mara nyingi huanza upande mmoja wa mbuzi mmoja. Mbuzi wawili, pande zote nne, usiku mmoja, hao wameshiriki sahani. Bibi, mbuzi jike wetu wa tatu, ambaye hanyonyeshi wala hakamuliwi, alikula majani yale yale na kiwele chake kimelala kimya. Beberu Tajiri aliyanusa akageuka. Sijui kama ni akili au ni maringo tu.

Maagizo: dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kukamua taratibu mara nyingi na kumwaga, kivuli, maji, na wasikimbizwe hata kidogo kwa siku kadhaa. Hilo la kutokimbizwa nilidhani ni huruma tu kwa mgonjwa. Akanieleza kwamba sumu hii ikizidi inahama kutoka kwenye kiwele inakwenda kwenye msuli wa moyo, na mbuzi mwenye moyo uliojeruhiwa anaweza kuanguka kwa mbio za kutoka hapa hadi kisimani. Tumeangalia koo na taya kama kuna uvimbe wa maji. Hakuna.

14 Agosti

Wagonjwa wanakula. Kiwele cha Kisura kimelainika, cha Mwali bado, hasa upande wa kulia. Usiku nimekuwa nikisoma, na nataka kuweka hapa nilichokipata kabla hakijachanganyika na hasira.

Kinachosumbua kina jina: persini, kutokana na Persea, jenasi ya mparachichi. Kimekuwa kikijulikana kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1975 watafiti wa Japani walikitenga kutoka kwenye majani ya parachichi, wala hawakuwa wanatafuta habari za mbuzi. Walikuwa wanashughulika na viwavi wa hariri, ambao wakipewa majani hayo walidumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Israeli wakakikuta kwenye ganda la parachichi bichi, kikizuia kuvu. Mwaka 1995 Waaustralia wakafunga hesabu: walikitenga tena kutoka kwenye majani, wakawapa panya wanaonyonyesha, na kwa miligramu 60 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito chembe zinazotengeneza maziwa zikafa. Zaidi ya 100, ukawa msuli wa moyo.

Kwa wanafunzi: ni C23H40O4. Chora mnyororo wa kaboni 21, kisha upachike kipande cha asetati chenye kaboni 2 kwenye ncha. Ukiuangalia umbo lake utamwona ndugu wa asidi ya linoleiki, ile iliyomo kwenye mafuta ya alizeti. Ni kitu cha mafuta, kinakaa na mafuta, ndiyo maana mti unakihifadhi kwenye seli zake za mafuta.

Kuna jambo moja kwenye utafiti wa 1995 ambalo nitalifundishia kipindi kizima. Persini ina maumbo mawili yanayofanana kama kandambili ya kulia na ya kushoto: atomu zile zile, idadi ile ile, ila ukizipandisha hazikaliani. Umbo linaloitwa R, ambalo ndilo la mti, liliua chembe za maziwa. La S, kwa kiasi kile kile, halikufanya kitu. Chembe ya kiwele inajua kandambili ya mguu wake. Miaka yote nimekuwa nikifundisha somo hilo kwa kuonyesha viganja, wanafunzi wanapiga miayo. Sasa nina mbuzi.

15 Agosti

Nimesahau jana: nyama ya tunda lililoiva tunayokula sisi ina persini kidogo mno, na binadamu tumeila maelfu ya miaka. Naandika hili kwa sababu mama mkwe amesikia habari nusu na leo amekataa parachichi mezani.

23 Agosti

Leo ni siku ya mizani. Swali langu lilikuwa: walikula kiasi gani, na kiasi gani kinatosha kudhuru?

Takwimu za mbuzi zipo. Gramu 20 za majani kwa kila kilo ya mwili zilileta ugonjwa mkali wa kiwele, gramu 30 zikafika kwenye moyo. Mwali, kwa utepe wa kifua, ana kilo 42. Kwa hiyo gramu 840 kwa kiwele, gramu 1,260 kwa moyo. Nilichukua tawi moja lenye unene wa kidole gumba, nikapukutisha majani yote na kuyapima: gramu 700 na kidogo. Tawi moja na robo! Kijana aliwawekea mzigo wa matawi zaidi ya kumi. Nimekaa juu ya ndoo nikiangalia ile mizani kwa muda mrefu. Kati ya maziwa kuharibika na mbuzi kufa palikuwa na majani ya gramu 420, ambayo mbuzi anayatafuna huku wewe unafunga kamba ya viatu.

Kondoo wametoa somo jingine ambalo ni baya zaidi, kwa maoni yangu. Waliopewa gramu 25 kwa kilo kwa siku 5 mioyo ilifeli haraka. Lakini hata waliopewa gramu 2.5 tu kwa kilo, kila siku kwa siku 32, mioyo yao ilichoka polepole. Kwa kondoo wa kilo 30 hiyo ni gramu 75 kwa siku, fumba moja ya mkono. Kwa hiyo ile hoja ya kikundi kwamba "tuwape kidogo kidogo wazoee" nimeiandikia msalaba mwekundu. Na kukausha si dawa, maana panya wa maabara walilishwa majani yaliyokaushwa na wakadhurika vilevile.

6 Septemba

Klabu ya sayansi imekuja shambani, watoto 14, na tumefanya zoezi la kunusa.

Wataalamu wanagawa parachichi katika jamii tatu: ya Meksiko, ya Gwatemala na ya West Indies. Majani yaliyowaumiza mbuzi kwenye majaribio ni ya Gwatemala. Ya Meksiko ni mapole kiasi kwamba kusini mwa nchi hiyo wanayatia kwenye maharage kama kiungo. Njia ya mkulima ya kuyatambua ni pua: jani la Meksiko ukilifikicha linanukia shamari. Wengi wa watoto hawajui shamari, nikaja na kijaluba cha mbegu zake wakanusa kwanza.

Hapa lazima niweke mabano kuhusu jina. Majani yetu ya malisho, yale marefu yanayopandwa kingo za mashamba ya chai, yanaitwa gwatemala, na ni malisho safi. Mtoto mmoja alisikia "Gwatemala ina sumu" akaenda nyumbani kumwambia baba yake ang'oe malisho yote. Baba mtu amenipigia simu jioni. Jamani, gwatemala ya hori ni nyasi. Gwatemala ninayoisema mimi ni ukoo wa parachichi. Zimekutana jina kwa sababu zote zimetoka kule, na hawana udugu mwingine.

Matokeo: miti 46, yenye harufu ya shamari wazi wazi ni miwili tu, yote ya kienyeji, iliyoota yenyewe karibu na choo. Hass haikunukia kitu zaidi ya ubichi. Hass ni chotara wa Meksiko na Gwatemala, na watoto walitaka kujua kama labda mmoja kati ya Hass zetu ni mpole kuliko wenzake. Ni swali zuri lenye jibu fupi. Hass zote duniani zimebebeshwa, yaani kikonyo kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, kutoka kwenye mti mmoja wa Rudolph Hass, kule California, aliouandikia hataza mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini kila kikonyo kinachobebeshwa leo hapa Rungwe ni kipande cha mwili wake. Hakuna Hass wa tabia tofauti.

Shina la chini, hata hivyo, ni mgeni. Miche yetu imebebeshwa juu ya parachichi la kienyeji, na maotea yanayotoka chini ya kovu la kubebesha ni ya yule wa chini. Mtoto wa kidato cha pili aligundua mwenyewe: "Mwalimu, mti huu juu haunuki, chini unanuka!" Mti mmoja, majani ya ukoo mbili. Nilimpa kalamu yangu.

Uamuzi wa kunusa: hata inayonukia haiingii horini. Pua ni ya kujifunzia, siwezi kuikabidhi mbuzi.

20 Septemba

Mama mkwe: "Mwanangu, sisi tumekuwa na ng'ombe chini ya miparachichi tangu mume wako hajazaliwa. Hakufa ng'ombe."

Sijambishia, kwanza kwa sababu ni mama, pili kwa sababu anaweza kuwa anasema kweli. Miti yake ilikuwa ya kienyeji, na ng'ombe wake alikuwa anatembea na kuchagua, anang'ata jani moja hapa nyasi kumi pale. Mbuzi wangu wamefungiwa, wanakula kinacholetwa. Banda la ndani limeondoa hiari ya mnyama na kuiweka mikononi mwangu. Nimemwambia hivyo kwa lugha ya upole zaidi. Akaguna, halafu akauliza kama ndiyo sababu yule jike wake wa miaka ile alikauka maziwa katikati ya msimu, wakasema amerogwa na jirani. Tumenyamaza wote wawili.

4 Oktoba

Mwali amepandwa na Tajiri. Kisura anatoa nusu ya maziwa yake ya zamani. Mwali ameacha kabisa kwa msimu huu.

18 Oktoba

Sasa majani yaende wapi? Hapa ndipo mradi hasa ulipo, maana kupogoa hakusimami na mvua za Novemba zinakaribia.

Mpango wa kwanza ulikuwa kutandaza kila kitu chini ya miti, matandazo. Mparachichi una mizizi ya juu juu inayopenda kufunikwa. Lakini bwana shamba amenipinga nusu. Matawi makavu na majani yenye madoa ni kiota cha chule, kuvu yenye jina la kitaalamu Colletotrichum gloeosporioides, na mvua ikinyesha matone yanarusha mbegu zake hadi kwenye matunda. Kwa hiyo tumegawa mafungu mawili. Majani safi yanatandazwa, mita moja kutoka shinani. Yenye madoa na vijiti vilivyokauka mtini vinakwenda kwenye shimo, vinafukiwa.

Uzio wa mianzi kati ya miti na banda: siku tatu, watu wawili, na ugomvi mmoja kuhusu lango lielekee wapi.

11 Novemba

Aibu ya mwezi. Boriti ya mbele ya hori ilivunjika wiki iliyopita. Kijana akatafuta mti ulionyooka, akaupata, akaupigilia. Leo nimemkuta Kisura akiguguna boriti kwa raha zake, gome limetoka urefu wa mkono. Nimekwaruza kwa kucha nikanusa. Parachichi bichi.

Tumejenga uzio wa mianzi kuzuia miti isiingie bandani, kisha tukaipigilia bandani kwa misumari. Nilianza kumfokea kijana, nikakumbuka nimepita mbele ya boriti ile mara mbili kwa siku kwa siku sita nikiwa na ndoo mkononi.

Jani, gome, kokwa na tunda, vyote vimetajwa katika kuumiza wanyama. Boriti imeng'olewa, imewekwa ya mkaratusi. Maziwa ya Kisura hayakushuka. Gome ni jembamba na hakufika mbali, hivyo ndivyo ninavyojieleza.

Nimepanua orodha ya ukutani. Sungura na farasi wanaumia (farasi huku hatuna, ila orodha ni orodha). Ndege wadogo wa kufugwa, kasuku wale wadogo na kanari, ndio dhaifu kuliko wote: gramu 8.7 za tunda lenyewe zilimuua kasuku mdogo ndani ya siku mbili. Mbwa kwa kawaida anavumilia, lakini kuna kisa cha mbwa wawili wa Kenya waliopenda parachichi kupita kiasi, kiliandikwa na madaktari wa mifugo mwaka 1994, moyo na maji mwilini. Wetu analala chini ya mti akisubiri yadondoke. Nimemhamishia mnyororo upande wa migomba, na ananitazama kama hakimu.

17 Januari

Kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi ya simu: unga wa kokwa la parachichi unatibu saratani ya titi, kijiko kimoja asubuhi kimoja jioni. Mwanakikundi mwenzetu ameununua na akaniomba, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kemia, nithibitishe.

Chanzo cha uvumi nakifahamu, na hicho ndicho kinachouma, maana hakikuwa uongo. Mwaka 2006 watafiti wa Taasisi ya Garvan, Sydney, wakishirikiana na wale wale waliotenga persini mwaka 1995, walijiuliza: kitu kinachochagua chembe za kiwele namna hii, kingefanya nini kwa chembe za saratani ya titi? Kwenye sahani za maabara kiliziua baadhi. Hiyo ni sahani. Chembe zimekaa peke yake, hazina moyo wa jirani wa kuumia. Mtu ana moyo. Na unga wa kokwa hauna alama ya kuonyesha kijiko hiki kina persini kiasi gani na kile kina kiasi gani.

Nilimwambia: dada, mimi nimeona kiwele cha Mwali. Nenda hospitali na huo unga uuache hapa. Ameuacha. Sijaridhika, kwa sababu kifungashio chake kina namba ya pakiti iliyo mbali sana na ya kwanza, maana yake huenda umeuzwa kwa wengine wengi.

3 Machi

Mwali amezaa, mapacha, jike na dume. Mvua usiku kucha, umeme hakuna, nimekuwa mkunga kwa tochi ya simu iliyoshikwa kwa meno. Wote wanasimama.

Kiwele: upande wa kushoto umeshuka maziwa vizuri. Upande wa kulia umejaa nusu, na ukibonyeza juu unasikia kitu kama kokwa dogo, gumu, lisilouma. Afisa mifugo anasema ni kovu, chembe zilizokufa Agosti na mahali pake pakajaa nyama isiyotengeneza kitu. Watoto wananyonya kushoto kwa zamu, wakisukumana.

14 Juni

Mavuno yameanza, na jaribio ambalo klabu imelisubiri mwaka mzima limeanza nalo.

Nilitaka waone upande wa pili wa persini. Mpaka sasa kwao ni sumu ya mbuzi tu, lakini mti haukuitengeneza kwa ajili ya Mwali. Habari ya Waisraeli ni hii: mbegu za kuvu ya chule zinatua kwenye parachichi likiwa bado changa mtini. Zinaota, zinajishikiza kwenye ganda, kisha zinasimama. Wiki, miezi. Ganda bichi lina persini ya kutosha kuzizuia. Parachichi haliivi mtini, linakomaa tu, linalainika baada ya kuchumwa. Na likianza kulainika, kimeng'enya kiitwacho lipoksijenasi kinaivunja persini, kwa sababu epikatekini, kemikali nyingine ya ganda iliyokuwa ikikizuia kimeng'enya hicho, nayo imepungua. Mlinzi anaondoka, kuvu inaamka. Ndiyo maana mnunuzi anapokea shehena ngumu ya kijani isiyo na doa, na siku kumi baadaye ananyosha kidole kwa mkulima.

Tumechuma Hass 20 kutoka mti mmoja. Kumi tumezipaka maji tuliyosuuzia parachichi lililooza kwa chule, kumi tumezipaka maji yaliyochemshwa yakapoa. Maboksi mawili, chumba cha maabara.

26 Juni

Siku ya 12. Baridi ya Tukuyu mwezi Juni inaivisha kwa uvivu. Boksi zote mbili bado ngumu, hakuna doa hata moja. Watoto wamekata tamaa, wamezoea majaribio yanayotoa povu.

4 Julai

Zimeanza kulainika tangu tarehe 29. Kwenye boksi la maji machafu, 8 kati ya 10 zina madoa meusi yanayodidimia, na mawili yameshatoa ule uji wa rangi ya waridi. Kwenye boksi la maji safi, 3 kati ya 10.

Hizo 3 zilizua mjadala mzuri kuliko 8. Wengine walisema tumekosea, tumegusisha. Kwa maoni yangu zilikuja na kuvu yake kutoka shambani, imeshikilia tangu mvua za Aprili, na maji yetu safi hayakuwa na la kufanya.

Kisha binti mmoja, yule wa kalamu, akainua mkono. "Mwalimu, tumejuaje ni persini? Labda kuvu inapenda tu kitu laini. Hata mimi siwezi kula parachichi gumu."

Amenifunga. Jaribio letu limeonyesha kwamba kuvu ilisubiri tunda lilainike. Halijaonyesha ilikuwa inasubiri nini. Ili kujibu swali lake, lazima upime persini kwenye ganda siku kwa siku na uone kama inashuka kabla ya doa kutokea, na hivyo ndivyo wale wa Israeli walivyofanya. Sisi tuna maboksi mawili ya kadibodi na sindano moja. Nimemwambia aliandike swali lake kwa maneno yake kwenye ukurasa huu, ameandika, lipo hapo pembeni kwa wino wa kijani.

8 Agosti

Tumepogoa jana na leo. Kilo 212 za matawi na majani kwa mizani ya kikundi. Kilo 150 zimetandazwa chini ya miti, kilo 62 zenye madoa zimefukiwa shimoni. Horini ni gwatemala na majani ya migomba, yaliyokatwa tangu juzi ili kijana asije akakuta hori tupu na mbuzi wanaolia.

Jirani wa upande wa bonde alipita na toroli akaomba matawi kwa ajili ya ng'ombe wake. Nilimkaribisha chai, nikamleta bandani, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya kiwele cha Mwali, upande wa kulia, pale penye kokwa. Alibonyeza, akanitazama, akabonyeza tena. Ameondoka na toroli lake likiwa na gwatemala.

Maziwa leo jioni. Kisura: lita moja na robo. Mwali, kushoto: robo tatu. Mwali, kulia: kikombe kidogo cha chai.